Mshubiri kwenye kopo: upande, uzalishe, ila usiunywe

Mshubiri wangu wa kwanza niliuua mwenyewe. Nilikuwa kidato cha pili. Niliupanda kwenye kopo la maziwa ya unga, nikauweka dirishani, na kila asubuhi nikaumwagilia. Nilijiona bwana shamba! Baada ya wiki kama tatu majani yakalegea, yakawa ya kahawia, na nilipouvuta ukanifuata mkononi. Mizizi yote ilikuwa imeoza.

Kumbe mmea huu hautaki kubembelezwa. Asili yake ni Uarabuni, kwenye ukame, na yale majani manene ni matangi ya maji. Zile stomata ulizosoma kwenye baiolojia, wenyewe huzifungua usiku ili maji yasipotee kwa jua. Kwa hiyo usiuonee huruma.

Toboa kopo matundu manne au matano chini kwa msumari. Changanya udongo na mchanga nusu kwa nusu (mchanga wa baharini hapana, una chumvi). Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole. Pakiwa na unyevu, acha. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usahau kwa wiki moja au mbili. Na yale maji yanayobaki kwenye kisahani yamwage! Mbu wanaoeneza homa ya dengue, ile iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye vijimaji kama hivyo.

Je, unataka mingine? Wengi hukata jani na kulichomeka kwenye udongo. Usijisumbue, jani la mshubiri kwa kawaida huoza kabla ya kutoa mizizi. Subiri watoto wachomoze pembeni mwa mama. Mtoto akishakuwa na majani manne hivi na mizizi yake mwenyewe, fukua taratibu, mkate kwa kisu safi pale anapoungana na mama. Mlaze kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, ndipo umpande. Wiki ya kwanza usimpe maji. Najua mkono utakuwasha, lakini vumilia.

Sasa tuzungumze ukweli. Ukikata jani utaona vitu viwili. Katikati kuna ute mweupe unaong'aa. Huo unaweza kupaka mahali palipoungua kidogo, baada ya kupapoza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Pakiwa pakubwa, au pametoka malengelenge, usipake kitu, nenda zahanati.

Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu kweli. Huu ndio wa kuogopa. Unaharisha vibaya, na mwili unapoteza maji na chumvi. Mwaka 2002 Marekani ilisimamisha uuzaji wa dawa za choo zenye mshubiri zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu usalama wake haukuwa umethibitishwa.

Hata hivyo mitaani watu wanakunywa. Dada, hasa nakuambia wewe: usikubali shoga yako akwambie kwamba glasi moja "itarudisha siku zako". Unaweza kuumia vibaya, na mimba ikabaki pale pale. Ukipitisha siku zako, nenda kliniki ukapime mapema. Swali lako si la kwanza kuulizwa pale, nesi ameshayasikia mengi. Na kaka, ukimpa rafiki yako hiyo glasi "kumsaidia", humsaidii.

Halafu kuna wale wanaosema mshubiri unatibu malaria na UKIMWI. Si kweli. Ukiwa na homa, kapime. Anayetumia ARV asiache vidonge hata siku moja kwa ajili ya jani, na kama ameshaanza kunywa kitu cha kienyeji, amwambie mhudumu wake wazi wazi ni kitu gani na anakunywa kiasi gani.