Udongo wa Mfinyanzi na Maji Yake

Mtu asafiriye kutoka Masasi kwenda Newala hupita katika nchi mbili zisizofanana. Masasi iko chini, katika nchi ya milima ya mawe isimamayo peke yake peke yake, na katika mabonde yake kuna udongo mzito, mwingine mwekundu, mwingine mweusi. Newala iko juu, katika uwanda wa Makonde, zaidi ya meta 600 juu ya usawa wa bahari, na udongo wa huko ni wa kichanga, mwekundu, mwepesi kwa jembe. Majira ya mvua ni mamoja: huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Lakini mvua ikinyesha, katika mabonde ya Masasi maji husimama madimbwi, na kule Newala huzama mara moja yasionekane tena. Tofauti hii inatoka wapi?

Inatoka katika chembe za udongo. Chembe ya mchanga huonekana kwa macho, na upana wake waweza kufika milimita 2. Chembe ya mfinyanzi haifiki hata milimita 0.002, nayo ni bapa kama ukurasa wa kitabu. Kati ya chembe za mchanga kuna nafasi kubwa, na maji hushuka humo upesi kwa uzito wake. Kati ya chembe za mfinyanzi nafasi ni nyembamba mno, lakini ni nyingi sana, hata zikijumlishwa hupokea maji mengi kuliko zile za mchanga. Tena maji hushikamana na uso wa kila chembe. Kwa sababu hiyo mfinyanzi hunywa maji polepole, huyashika mengi, wala hauyaachi upesi.

Mvua ikiisha, udongo huo hukauka kwa hatua tatu.

Kwanza, jua na upepo huondoa maji ya juu. Maji ya chini hupanda kushika mahali pake, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Siku hizo uso wa shamba hubaki na unyevu, na mkulima hudhani mambo ni mema.

Pili, maji yaliyokuwa kati ya chembe yakitoka, chembe husogeleana, na udongo wote husinyaa. Lakini uso hukauka kabla ya ndani. Uso wataka kujikunja, na udongo wa chini bado umevimba wala haukubali. Basi uso hupasuka. Ndiyo asili ya nyufa. Katika udongo mweusi wa mbuga nyufa huweza kupanuka hata mkono wa mtu ukaingia. Nyufa hizo hukata mizizi myembamba, na kwa njia yake upepo wa joto hushuka na kukausha udongo wa ndani pia.

Tatu, chembe zikikwisha kugusana haziwezi kusogeleana zaidi. Hewa huingia mahali pa maji, na rangi ya udongo hupauka. Hata hivyo maji hayajakwisha. Yamebaki kidogo kidogo, yamegandamana na chembe kwa nguvu kuliko nguvu ya mizizi. Mahindi hunyauka na kufa juu ya udongo wenye maji ndani yake. Mfinyanzi ni kama tajiri bahili: ana akiba kubwa, hutoa kwa shida, na iliyo ya mwisho hatoi kabisa.

Kwa hiyo mvua ndogo baada ya jua kali haifai sana katika mfinyanzi. Hulowesha uso tu, na kesho yake imekwisha kuwa mvuke. Katika kichanga mvua iyo hiyo huzama, na mchanga mkavu wa juu huwa kama kifuniko. Ndiyo maana mihogo na mikorosho, yenye mizizi ishukayo chini, hustawi Newala.

Lakini kichanga nacho kina taabu yake. Maji yazamayo katika uwanda wa Makonde hushuka mbali, mpaka yakutane na tabaka ngumu isiyopitisha maji, ndipo yatokee chemchemi katika miteremko. Kwa miaka mingi wanawake wa Newala walishuka mteremko huo kabla ya mapambazuko, wakapanda tena na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 kazi ya kusukuma maji kwa mashine kutoka mabondeni ilianzishwa, na watu wengi wamejenga visima vya saruji vya kukinga maji ya mvua kutoka bati. Saruji hufanya kazi ambayo kichanga hakiwezi kuifanya, yaani kuzuia maji yasizame.

Wanaojua tabia ya mfinyanzi kuliko wengine ni wanawake wafinyao vyungu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri Masasi na Newala, akaandika habari za kazi yao. Mfinyanzi hodari huanika chungu kibichi kivulini, wala hakiweki juani, ili uso na ndani vikauke pamoja. Na udongo ukiwa mnono mno, kuuchanganya na mchanga au vigae vilivyopondwa hupunguza kusinyaa kwake. Anayefanya haraka huvuna vigae.

Mkulima na ajifunze kwa mfinyanzi. Asilime udongo huu ukiwa tope, maana utakauka mabonge kama matofali. Nyufa zikianza, apalilie juujuu ili azizibe. Atandaze majani makavu, ili jua lisiupige uso. Nayo yakioza, udongo utalegea.

JARIBIO. Twaa makopo mawili, utoboe matundu madogo chini. Tia kichanga kikavu katika moja, na mfinyanzi mkavu uliopondwa katika la pili, kadiri moja. Mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo, ukinge yanayotoka, uyapime. Kisha yaweke makopo juani siku saba, utazame kila siku.

MASWALI
1. Kwa nini mfinyanzi hushika maji mengi kuliko mchanga?
2. Nyufa hutokeaje, nazo zadhuruje mimea?
3. Mahindi yawezaje kufa kwa kiu katika udongo wenye maji?
4. Kwa nini chungu kibichi huanikwa kivulini?