Moja-mbili: Pasi ya Haraka Inayompa Kila Mtoto Nafasi ya Kucheza

Msikilizaji, pita jioni kwenye viwanja vingi vya shule za msingi mkoani Singida, iwe Iramba, Ikungi au Manyoni, utaona jambo lilelile. Watoto zaidi ya ishirini wanaukimbilia mpira mmoja, vumbi linatimka, na mtu mzima pembeni anapiga kelele: "Butua!" Mwenye nguvu anaubutua, upepo unaubeba, wote wanaukimbiza tena. Mtoto mwenye umbo dogo anaweza kumaliza jioni nzima bila kuugusa. Huyo hakawii kuacha kuja mazoezini.

Dawa yake ni pasi fupi ya haraka, ule mchezo ambao mashabiki wanauita "kampa kampa tena". Mlango wa kuingilia ni moja-mbili.

Moja-mbili ni nini?

Asha ana mpira, beki anamjia. Asha anampa Juma aliye pembeni, kisha papo hapo anakimbilia nyuma ya beki. Juma anaugusa mara moja tu na kuurudisha mbele ya Asha. Beki amepitwa bila kupigwa chenga.

Kwa nini inafaulu?

Kwa sababu beki ni mmoja na mambo ya kuzuia ni mawili. Akiufuata mpira, Asha yuko huru. Akimfuata Asha, Juma anaondoka na mpira. Hata Marekani, kwenye mchezo wao wa futiboli unaotumia mpira uliochongoka kama yai, makocha wa watoto hufundisha pasi fupi kwa hesabu hiyohiyo: mwangalie mpinzani mmoja, mlazimishe achague, kisha mpe yule aliyeachwa.

Namna ya kufundisha

Kwanza, wapange wawili wawili, umbali wa hatua tano. Wapigiane pasi za chini kwa upande wa ndani wa mguu. Kama mpira ni mmoja tu, hatua hii hata mpira wa matambara unatosha. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, mpira wa kawaida unaofaa ni namba 4; namba 5 ni wa wakubwa.

Pili, weka jiwe au dumu tupu liwe beki. Mtoto atoe pasi, akimbie upande wa pili wa dumu, apokee. Neno la kuwaambia ni moja: "Toa, kimbia!"

Tatu, ondoa dumu, weka mtoto. Mwanzoni atembee tu, baadaye akabe kweli.

Nne, chora mraba wa hatua nane kila upande. Wanne wapasiane, mmoja katikati autafute mpira. Anayepoteza anaingia kati.

Mwisho, wachezeshe wanne kwa wanne kwenye kiwanja kidogo. Goli la kawaida ni moja. Goli lililotokana na moja-mbili lihesabiwe mawili. Utaona wenyewe wanaanza kutafutana.

Makosa ya kusahihisha

Kosa la kwanza ni kutoa pasi kisha kusimama kuitazama. La pili ni kutoa mapema, beki akiwa bado mbali. Mtoto asubiri hadi abaki hatua mbili hivi. La tatu ni kurudisha mpira miguuni kwa mwenzake. Urudi mbele yake, pale anapokwenda.

La nne ni Juma kuchelewa. Kwenye mechi ya wachezaji kumi na mmoja, kama wakati anaurudisha mpira Asha yuko nusu ya uwanja ya wapinzani, ameutangulia mpira na amebakiwa na mpinzani mmoja tu mbele yake, tuseme golikipa, hapo ameotea. Ndiyo maana mguso ni mmoja.

Viwanja vyetu vina mashimo na mchanga, na mpira utadunda vibaya. Usimfokee mtoto kwa pasi iliyoharibika. Akifokewa, atarudi kubutua, kwa sababu anayebutua huwa halaumiwi. Msifu aliyetoa na kukimbia, hata kama mpira haukufika.

Si kila mtoto atacheza Uwanja wa Liti mbele ya mashabiki. Lakini jioni hii, kila mmoja anaweza kuugusa mpira mara nyingi, na yule mdogo akajua kwamba timu inamhitaji.