Kutoka Ufa wa Ukuta Hadi Kompyuta: Namna Ukarabati wa Majengo ya Umma Unavyopangwa

Wananchi wengi wamekuwa wakiuliza kwa nini paa la zahanati linalovuja huchukua muda mrefu kutengenezwa, ilhali Mtendaji wa Kijiji amekwisha kuarifiwa. Sehemu kubwa ya jibu imo katika mifumo ya kompyuta inayotumiwa na Halmashauri nchini, zikiwemo za Bukoba na Muleba.

Wa kwanza ni PlanRep, uliohamia mtandaoni mwaka 2017. Humo ndimo mipango na bajeti huingizwa, ikiwemo ya shule na zahanati baada ya kujadiliwa na kamati zao. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo mahitaji hukusanywa miezi mingi kabla. Ufa ulioripotiwa mwezi Mei, bajeti ikiwa imekwisha kupitishwa, mara nyingi husubiri mwaka unaofuata. Hapo ndipo ucheleweshaji mwingi huzaliwa, na kwa hakika kompyuta haistahili lawama: haioni mvua inayodondoka wodini mpaka mtu aiandike.

Fedha zikifika, mfumo wa FFARS hutunza hesabu za kituo, yaani kilichopokelewa na kilichotumika. Ununuzi wa mabati, saruji na misumari hupitia NeST, ulioanza mwaka 2023.

Si kila tengenezo hungoja bajeti kubwa. Ruzuku ya uendeshaji ya shule za msingi imekuwa ikikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Sehemu yake hununulia vitabu. Katika kinachofika shuleni limo fungu la ukarabati mdogo. Kitasa au bati moja lililong'oka ni kazi ya fungu hilo.

Mkoani kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na tundu dogo la paa huozesha kenchi upesi. Kwa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, makadirio yasiyotaja nauli ya boti humwacha fundi na mabati pungufu. Aidha, tetemeko la Septemba 10, 2016 liliharibu vibaya majengo ya Sekondari za Ihungo na Nyakato. Tangu hapo, ufa ukutani si jambo la kupakwa chokaa tu. Fundi sanifu au mhandisi aukague kwanza.

Mwananchi anayeona uharibifu aiandikie kamati ya shule au ya zahanati, akitaja jengo, chumba, tarehe aliyouona na iwapo unaongezeka. Picha ya simu husaidia sana. Nakala apewe Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Katika mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, aulize kama hitaji hilo limeingizwa katika mpango, kwa kiasi gani, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.