Jenereta ya Jeshi Ihamiapo Nyumbani

Mwezi wa Februari mwaka 2021, baridi ambayo wenyeji wa Texas hawakuwa na mazoea nayo ilipolishukia jimbo lao, na mitambo ya umeme ikashindwa kuihimili, nyumba zaidi ya milioni 4 zilikaa gizani, nyingine kwa siku kadhaa mfululizo. Na mwezi wa Julai 2024 tufani ya Beryl ilipopita Houston, mji ambamo wanaishi pia ndugu zetu wasemao Kiswahili, wateja zaidi ya milioni 2 walikatikiwa umeme katika msimu wa joto kali. Misiba ya namna hii ndiyo iliyowafunza wenye nyumba wa huko kutoutegemea waya wa barabarani peke yake. Aghalabu mtu hukimbilia dukani akanunua jenereta ya petroli izungukayo mara 3600 kwa dakika, yenye makelele mengi na umri mfupi. Walakini wako ambao hawaendi dukani, bali huenda kwenye minada ya vifaa vilivyozidi mahitaji ya jeshi la Marekani, na huko hununua jenereta ya dizeli ya rangi ya kijani au ya mchanga, aghalabu ikiwa juu ya tela yake, wakaja nayo nyumbani ili waifufue kwa mikono yao. Kazi hiyo naiheshimu sana, na katika makala hii nataka kuieleza kwa mtu asiyekuwa fundi, kwa kuwa ina mafunzo mengi kuliko inavyodhaniwa na mpita njia aonaye chuma kikuukuu uani pa jirani.

Zitafutwazo zaidi ni mbili: MEP-802A, itoayo kilowati 5, na MEP-803A, itoayo kilowati 10. Zote mbili ni za kizazi ambacho jeshi lilikipokea katika miaka ya 1990 ili kuziondoa jenereta za zamani za Onan, ambazo injini zake zilipozwa kwa upepo na mvumo wake ulimfikia adui kabla ya askari kumwona. Hizi mpya ziliwekwa ndani ya sanduku la bati lililotandikwa sufi ya kumeza sauti, zikapozwa kwa maji, na zikafanywa zizunguke polepole, mara 1800 kwa dakika. Injini iliyomo ni ya Lister Petter, ya silinda mbili katika ile ndogo na silinda nne katika ile kubwa. Na jina la Lister si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, madhali injini nzito za kiwanda hicho, kilichoasisiwa Dursley nchini Uingereza mwaka 1867, zimesaga mahindi katika vijiji vyetu vingi hata watoto wa pale walikua wakiujua mlio wake kabla ya kuijua saa. Mwenye kuielewa mashine ya unga ya kijijini atakuwa hayuko mbali na kuielewa MEP-803A.

Jambo moja nataka msomaji alishike kabla ya mengine yote. Chombo cha vita huundwa kwa shabaha ya kutanguliza kazi mbele ya uhai wa chombo chenyewe, na nyumbani utaratibu huo hauna budi kupinduliwa. Hivyo, kuifufua jenereta ya jeshi ni kuing'arisha na kuiwasha, na zaidi ya hapo ni kuipa wadhifa mwingine na kubadili vile vipengele vyake vilivyofanywa kwa ajili ya wadhifa wa kwanza.

Ushahidi ulio bayana kuliko wote uko kwenye bamba la swichi. Humo mna saa za kuonyesha volti, hetsi, kiasi cha mzigo, kani ya oili, joto la maji, kadiri ya dizeli iliyobaki na jumla ya saa ambazo mtambo umefanya kazi. Na mna safu ya taa ndogo, kila moja na ila yake, ili oili ikipungua au maji yakichemka kupita kiasi taa iwake na mtambo ujizime wenyewe. Lakini karibu na hapo mna swichi yenye kifuniko chake peke yake, ambayo jeshi limeipa jina la mapigano, na kazi yake ni kuutengua ulinzi mwingi wa mtambo ili uendelee kuzunguka hata kama unajiangamiza. Swichi hiyo haikuwekwa kwa upumbavu. Jenereta hizi zimewasha taa za hospitali za mahema na vyombo vya mawasiliano ya vikosi, na pale ambapo majeruhi amelala juu ya meza ya upasuaji, injini moja kuungua ni gharama ndogo mno. Nyumbani hakuna dharura ya kadiri hiyo. Kwa hiyo mwenye busara hukifunga kifuniko kile kwa waya, akahakikisha kwamba jamaa wote wa nyumba wanajua ya kuwa hakifunguliwi.

Kabla ya kufika huko, lakini, kuna mnada. Vifaa vilivyozidi hupitia idara ya jeshi iitwayo DLA Disposition Services, yenye makao yake makuu Battle Creek katika jimbo la Michigan, kisha huuzwa kwa hali vilivyo, pasipo dhamana ya aina yoyote, na jenereta hizi zimekuwa zikitoka kwa kuwa jeshi limeanza kuzibadili kwa mitambo mipya ya Cummins. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. MEP-812A na MEP-813A hufanana kwa sura na ndugu zao niliowataja, rangi moja na sanduku moja, ilhali zenyewe hutoa umeme wa hetsi 400, ambao umekusudiwa silaha na vyombo maalumu vya jeshi, wala hauwezi kuendesha jokofu, pampu wala feni ya nyumbani. Tofauti yote imeandikwa katika kibao kidogo cha chuma, na mnunuzi asiyekisoma hurudi nyumbani na mzigo wa mamia ya kilo usiomfaa kitu. Kwa sisi tutumiao hetsi 50, hata ile ya hetsi 60 si ya kununua kwa pupa, maana kuipunguza mwendo hadi mizunguko 1500 kunapunguza nguvu zake na kunataka marekebisho ya fundi anayejua anachokifanya.

Kazi ya kufufua huanza kwenye tangi, wala haianzi kwenye injini. Dizeli iliyolala miaka mingi huingiwa na maji ya umande, na pale maji na mafuta yanapokutana huota viumbe vidogo vifanyavyo utando mweusi wa ute, ambao hukaa kimya chini ya tangi mpaka siku injini inapowashwa, ndipo huvutwa ukaziba chujio. Tangi la MEP-803A huchukua takriban lita 34. Fundi mwangalifu huyamwaga mafuta yote ya zamani, akalisafisha tangi mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, akabadilisha vichujio vyote, na mipira yote ya mafuta pia hata kama kwa nje inaonekana mizima, kwani mpira wa zamani hukauka kwa ndani na nyufa zake huvuta hewa bila kudondosha tone; na hewa ndani ya njia ya dizeli ndiyo sababu ya injini nyingi kukataa kuwaka, ilhali mwenyewe anailaumu pampu au nozo. Kisha humwaga oili na maji ya rejeta, akatia mapya. Betri zake ni mbili za volti 12, zilizofungwa mfululizo ili zitoe volti 24, nazo yafaa zinunuliwe pamoja na zichajiwe pamoja, kwa kuwa mwenye tabia ya kuchota volti 12 kutoka betri moja tu ili awashe kitaa chake huidhoofisha hiyo na kuiharibu ya pili.

Hata baada ya hayo hupaswi kuiwasha mara moja. Ndani ya chumba cha injini mna swichi nyingine ndogo, nayo nimeipenda kuliko zote, ambayo huizungusha injini kwa stata pasipo kuipa mafuta, ili oili ipande na kulainisha vyuma vilivyokaa vikavu kwa muda mrefu. Waliochora mtambo huu walimfikiri kijana wa miaka ishirini, aliye jangwani na spana chache na kitabu. Na kitabu chenyewe, kiitwacho TM 9-6115-642 kwa ile ya kilowati 10, kimeeleza kila boliti na kila waya kwa michoro isiyomficha mtu chochote. Hiyo ndiyo thamani ya kweli ya chuma hiki. Katika zama ambazo vyombo vingi vinauzwa vikiwa vimefungwa ili mwenyewe asivifungue, kupata mtambo ambao muundaji wake alikusudia utengenezwe na mtu wa kawaida ni neema, nami nasema hivyo kwa moyo wangu wote.

Injini ikikubali, hugeukiwa umeme. Mwendo hurekebishwa hadi saa ionyeshe hetsi 61 au 62 bila mzigo, ili mzigo ukija zishuke kwenye 60. Kisha swichi ya kuchagulia volti huwekwa kwenye 120 na 240 za fezi moja, kama nyumba za Marekani zitakavyo, na katika hali hiyo ile ya kilowati 10 huweza kutoa amperi 52. Baada ya hapo mtambo hupewa kazi nzito kwa saa kadhaa. Dizeli haipendi kuzunguka bure: ikikosa mzigo, silinda hazipati joto la kutosha, mafuta yasiyoungua hukusanyika kwenye ekzosi yakawa lami nyeusi, na hatimaye nguvu hupungua. Wengi huunda mzigo wa majaribio kwa hita za maji, ambazo za kawaida huko huchukua wati 4500 kila moja, wakaziacha zichemke huku wakisikiliza mlio na kutazama moshi unavyobadilika kutoka mweupe mzito hadi usioonekana.

Kuiunganisha na nyumba si kazi ya kubahatisha, na hapa namsihi msomaji atafute fundi wa umeme mwenye leseni. Jenereta ikiungwa kwenye nyaya za nyumba pasipo swichi ya chenjiova, umeme wake hutoka nje mpaka transfoma ya mtaani, nayo, ambayo kazi yake ya kila siku ni kushusha umeme kutoka volti 7200 au karibu ya hapo, huupandisha ule wa jenereta kwa kiasi hicho hicho, na mfanyakazi aliyepanda nguzo akiamini kwamba waya umekufa huuawa nao. Aidha, kwenye vituo vya kutolea umeme mna kipande cha shaba kinachounganisha nyutro na erthi: porini, ambako mtambo husimama peke yake, kiungo hicho ni cha lazima, lakini nyumba yenye kiungo chake katika ubao mkuu haitaki cha pili, na aghalabu fundi hukiondoa.

Rangi nayo ina mambo yake. Jeshi huiita CARC, nayo ilitengenezwa istahimili sumu za kivita na dawa za kuzisafisha. Ikiwa imekaa juu ya bati haimdhuru mtu, ila ikisuguliwa kwa msasa, ikichomwa au ikichomelewa, hutoa vumbi na moshi wenye isosayaneti, na rangi ya chini ya zamani huweza kuwa na kromi, vitu ambavyo huharibu mapafu. Afadhali kuiosha na kupaka juu yake palipochubuka kuliko kuikwangua yote kwa ajili ya uzuri.

Kuhusu tela, aghalabu ni M116 ya magurudumu mawili, imara kuliko inavyohitajika. Pete yake ya mbele imefanywa kwa kulabu ya lori la jeshi, hivyo gari la nyumbani hutaka kulabu ya namna hiyo. Taa zake ni za volti 24, nazo hubadilishwa ziwe za 12. Beringi hufunguliwa zikatiwa grisi mpya, na breki zikakaguliwa. Matairi huhukumiwa kwa tarakimu nne za ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, wala si kwa wingi wa meno yake. Hati ya serikali iitwayo SF-97 idaiwe siku ya kununua, kwa sababu pasipo hiyo kupata namba ya barabarani huwa mashaka makubwa.

Limebaki suala la mahali pa kuiweka. Wengine huishusha telani wakaiketisha juu ya sakafu ya zege nyuma ya nyumba. Mimi naona ni bora ibaki juu ya magurudumu, iliyofungwa kwa mnyororo mnene, kwa kuwa mtambo ule ule uliolinda jokofu la nyumba moja huweza kukokotwa asubuhi ya pili hadi kwa jirani mwenye mgonjwa. Popote iwapo iwe nje kabisa, si chini ya mita 6 kutoka madirisha na milango, na ekzosi ielekee mbali na nyumba, maana mwaka ule wa 2021 wako watu wa Texas waliouawa na kaboni monoksaidi baada ya kuwasha jenereta gereji au mlangoni. Kila mwezi iwashwe kwa nusu saa ikiwa na mzigo wa kweli, na dizeli iwekwe dawa ya kuihifadhi. Tufani ikitangazwa, pipa la akiba liletwe mapema: jenereta hizi zina pampu ya pili ivutayo mafuta kutoka nje, na kwa pipa moja la lita 200 zinaweza kupita siku mbili bila ya mtu kuamka usiku kuongeza.