Kuua Melesi Hakumalizi Kifua Kikuu cha Ng'ombe

Melesi wa Ulaya, mnyama wa usiku wa jamii moja na nyegere, huambukizwa bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe na anaweza kuwarudishia ng'ombe ugonjwa huo. Hilo limejulikana Uingereza tangu 1971, alipopatikana melesi mgonjwa huko Gloucestershire, na halina ubishi. Kosa limo katika swali ambalo limeulizwa tangu hapo bila kuchoka: kama ndiye anayeambukiza, si auawe tu yaishe?

Swali hilo lilishajibiwa, tena kwa gharama kubwa. Kuanzia 1998 hadi 2005 jopo huru la wanasayansi likiongozwa na John Bourne lilisimamia jaribio katika maeneo 30, kila moja likiwa na takriban kilomita za mraba 100. Melesi wapatao 11,000 waliuawa. Palipofanyika mauaji ya kila mwaka, maambukizi mapya katika makundi ya ng'ombe yalipungua kwa asilimia 23 hivi. Nje ya mpaka wa maeneo hayo, hadi umbali wa kilomita 2, yalipanda kwa asilimia 25 hivi. Na pale ambapo melesi waliuawa tu baada ya ng'ombe kuugua, jambo ambalo kila mfugaji angelitaka, hali ilizidi kuwa mbaya hadi zoezi likasitishwa mwaka 2003.

Sababu iko katika maisha ya mnyama mwenyewe. Melesi huishi kwa koo ndani ya mashimo, na kila ukoo huweka alama za mavi kwenye mpaka wake. Maadamu mipaka inaheshimiwa, melesi mgonjwa hubaki kwao. Ukoo ukipunguzwa kwa risasi na mitego, waliosalia hutangatanga, wageni huingia mashimo yaliyoachwa wazi, na ugonjwa hufika malisho ambayo haukuwa umeyafikia. Kumaliza melesi wote wa nchi si sera ya mtu yeyote, kwa hiyo wa kutangatanga watakuwapo daima.

Hata hivyo, tangu 2013 wameuawa melesi zaidi ya 200,000. Watetezi wa mauaji hutaja uchambuzi wa 2024 ulioonyesha maambukizi yakipungua kwa asilimia 56 ndani ya miaka minne. Huacha kusema kwamba katika kipindi hichohicho upimaji wa ng'ombe ulikazwa, na waandishi wenyewe walikiri kwamba hawawezi kutenganisha mchango wa kila hatua.

Ng'ombe huambukizwa zaidi na ng'ombe mwenzake. Mgonjwa hutafutwa kwa kipimo cha ngozi: sindano mbili za tuberkulini (dondoo ya bakteria wa kifua kikuu) shingoni, moja ya bakteria wa ndege na moja ya bakteria wa ng'ombe. Baada ya saa 72 unene wa uvimbe hupimwa kwa milimita. Kipimo hiki huwakosa wagonjwa wengi, nao hubaki zizini au huuzwa. Mwaka 2001, kwa mfano, ugonjwa wa miguu na midomo ulisimamisha upimaji. Kisha wafugaji wakanunua ng'ombe wa kujaza mazizi, na kifua kikuu kikasafiri nao kwenye malori hadi kaunti ya Cumbria.

Yanayofaa yanajulikana: kipimo cha damu kiongezwe juu ya kile cha ngozi, ng'ombe apimwe kabla ya kuhamishwa, mnunuzi aulize historia ya kundi, vyakula na maji ya ng'ombe vikingwe ili melesi wasivifikie, samadi ya kundi lenye ugonjwa isimwagwe malishoni ikiwa mbichi, na melesi wachanjwe BCG, chanjo iliyoidhinishwa kwao tangu 2010. Ng'ombe nao wangechanjwa, ila BCG humfanya ng'ombe mzima aonekane mgonjwa kwenye kipimo cha ngozi, hivyo chanjo yao inahitaji kwenda pamoja na kipimo kipya kinachomtofautisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa.