Tumbo la mtoto halizoei sima kwa siku moja

Mtoto anapotimiza miezi sita, katika nyumba nyingi za Utange, huko Kisauni, sufuria ndogo ya uji huongezwa jikoni. Nyanya hushauri uji wa wimbi. Jirani husema ndizi. Shangazi aliyekuja kutoka Shanzu naye hasikii la mtu, kwake ni viazi vilivyopondwa kwa tui la nazi. Mtoto hulishwa, hufurahi na usiku hulala vizuri. Kesho yake mama akifungua nepi hushtuka. Choo kimegeuka rangi, kinanuka, na ndani yake mna vipande vya chakula kama kilivyomezwa.

Hapo kila mtu hutoa uamuzi wake. Kuna anayesema ni mchango, anayesema ni meno, na anayesema chakula hicho kimemkataa. Mara nyingi shauri linalofuatwa ni kumnyima mtoto chakula mpaka tumbo litulie. Wazazi wanapaswa kujihadhari na shauri hilo, kwani laweza kumdhuru mtoto kuliko kile chakula anachosingiziwa.

Kwa nini choo hubadilika

Kwa miezi sita tumbo la mtoto limezoea maziwa ya mama tu. Maziwa hayo huyeyushwa kwa urahisi, na bakteria wanaoishi katika utumbo wa mtoto ni wale wanaopenda maziwa. Uji, ndizi au samaki vikiingia, bakteria wa aina nyingine huanza kuongezeka. Ndiyo sababu choo huwa kizito zaidi, rangi hugeuka na harufu huwa kali. Gesi nayo huongezeka. Mabadiliko hayo peke yake si ugonjwa.

Tena, kongosho ya mtoto wa umri huo bado haitoi kwa wingi vimeng'enya vya kusaga wanga. Mate yake humsaidia, na maziwa ya mama pia yana kimeng'enya cha kazi hiyo hiyo. Hii ni sababu mojawapo ya kuendelea kunyonyesha wakati chakula kinapoanzishwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonyeshwe hadi miaka miwili na zaidi, huku akilishwa vyakula vingine kuanzia miezi sita.

Maganda ya maharagwe, vipande vya karoti na punje za mahindi huweza kutoka vilivyo kwa sababu mtoto hana meno ya kutafuna. Mchicha huweza kufanya choo kiwe cha kijani. Ndizi mbivu huacha nyuzi ndogo nyeusi ambazo wazazi wengi hudhani ni minyoo, wakakimbilia dawa bure. Ikiwa mtoto anacheza, ananyonya, na uzito wake unapanda katika kadi ya kliniki, mama hana sababu ya kuhangaika.

Wengine hupata shida ya kinyume, yaani kufunga choo. Uji mzito mno, ndizi ambazo hazijaiva vizuri na maziwa mengi ya ng'ombe ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta hali hiyo. Papai lililoiva, mboga zilizopondwa, maji safi kidogo kidogo na kunyonyeshwa zaidi husaidia.

Mgeni siku mbili

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chakula kipya nacho ni mgeni tumboni. Anza na kimoja, vijiko viwili au vitatu, na ukitazame kwa siku tatu hivi kabla ya kuleta kingine. Ukimpa mtoto uji, yai, samaki na embe siku moja, naye akapata vipele au akatapika, hutajua ni kipi kilichomsumbua.

Kutazama huku si sababu ya kuogopa vyakula vyenye nguvu. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua sana afikapo miezi sita, na uji mtupu hauwezi kuifidia. Anahitaji samaki aliyetolewa miiba yote, maini, yai lililoiva vizuri, maharagwe au mbaazi zilizopondwa. Zamani wazazi waliambiwa wacheleweshe mayai na njugu. Leo wataalamu hawaoni faida ya kuchelewesha, mradi njugu ziwe zimesagwa laini zisimpalie mtoto, na zisiwe na ukungu. Ila akivimba midomo, akitoka vipele mwili mzima au akipumua kwa shida baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja.

Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu hatari ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Chai nayo, ambayo watoto wengi wa Pwani hupewa pamoja na mahamri, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Kuanzia miezi sita hadi minane, milo miwili au mitatu kwa siku yatosha. Kuanzia miezi tisa iwe mitatu au minne. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kupokea sahani kubwa kwa mara moja. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kijikoni bila kumwagika, kwani uji mwepesi humjaza maji tu.

Akishaanza kula chungu cha wote

Baada ya mwaka mmoja mtoto hutembea, huomba na hunyakua. Anataka sima, wali wa nazi na mbaazi kama wakubwa. Umri huu wapo watoto wanaopata choo laini mara kadhaa kwa siku kwa wiki nyingi, chenye vipande vya mboga, ilhali wanacheza na kunenepa. Mara nyingi chanzo huwa vinywaji vitamu. Sukari nyingi ya maji ya matunda au soda ikifika utumboni bila kunyonywa mwilini, huvuta maji na kulainisha choo. Msimu wa maembe nao huwa na mambo yake. Wengi hupata nafuu wakipunguziwa vinywaji hivyo, wakapewa maji safi na chakula cha kawaida chenye mafuta ya kutosha, kama vile wali wa tui.

Uchafu husingizia chakula

Hata hivyo, kuharisha kunakoua hakutokani na ndizi wala mbaazi. Kunatokana na vijidudu vinavyoingia pamoja na chakula, na miezi hii ya kuanza kula ndiyo mlango wao. Mtoto aliyekuwa akinyonya tu sasa anakutana na maji, vijiko, vikombe na mikono ya watu. Wakati huo huo anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, meno nayo yanaota. Ndipo meno yakabebeshwa lawama isiyo yao.

Utange tatizo hilo lina sura yake. Maji mengi ya mifereji ya upande huu wa Mombasa husafiri kutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi. Mifereji ikikauka, familia hununua maji ya mikokoteni au huteka visimani. Ardhi ya sehemu hizi ni ya mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi. Choo cha shimo kikiwa karibu na kisima, uchafu hupenya chini kwa chini. Maji yanaweza kuonekana maangavu na bado yakawa na vijidudu. Ya mtoto yachemshwe, yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko na yachotwe kwa kikombe chenye mkono.

Mama anayetoka alfajiri kwenda kazini mara nyingi huacha uji wa kutwa ndani ya chupa ya chai. Uji unaokaa vuguvugu kwa saa nyingi ni shamba la bakteria. Ni afadhali aache unga, na yaya apike kidogo kidogo. Kilichopikwa kiliwe ndani ya saa mbili. Mtoto alishwe kwa kikombe na kijiko, kwani chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlishaji na ya mtoto mwenyewe.

Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo huwaharisha sana watoto wadogo, ilianza kutolewa nchini Kenya mwaka 2014. Hutolewa katika miezi ya mwanzo ya maisha, basi kliniki isikosewe.

Akiharisha kweli

Mtoto anaharisha akipata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, kuliko ilivyo kawaida yake. WHO inakadiria kwamba kuharisha huua watoto zaidi ya 400,000 wa chini ya miaka mitano duniani kila mwaka. Kinachowaua wengi ni kuishiwa na maji na chumvi mwilini.

Mpe maji ya ORS, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe nusu kikombe hivi kila baada ya choo, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee polepole. Maji ya dafu changa na ya wali yanafaa kama nyongeza, ila hayana chumvi ya kutosha kushika nafasi ya ORS. Omba pia vidonge vya zinki: mtoto wa miezi sita na zaidi hupewa miligramu 20 kila siku, kwa siku 10 hadi 14. Usinunue dukani dawa ya kufunga tumbo.

Na chakula kisikatizwe. Utumbo ulioumia hujijenga upya kwa chakula. Mtoto anayefungishwa kila anapoharisha hudhoofika, na akidhoofika huharisha tena. Anyonye zaidi, ale kidogo kidogo mara nyingi, na akipona aongezwe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili.

Usingoje kesho ukiona macho yamezama, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, mtoto amelegea au hawezi kunywa, au choo kina damu. Vivyo hivyo akitapika matapishi ya kijani, tumbo likavimba, au akilia kwa maumivu yanayokuja na kuondoka huku akitoa ute wenye damu. Huenda utumbo umejikunja ndani yake, na hilo ni la daktari, si la dawa za nyumbani.