Nairobi na New York: kilomita ngapi, saa ngapi?

Mtu anapofariki nyumbani, ndugu aliye Marekani huulizwa swali moja kwa simu: tukungoje au tuzike? Jibu hutegemea hesabu ambayo wengi huikosea.

Kati ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, pana umbali wa takriban kilomita 11,840. Hicho ni kipimo cha njia fupi kuliko zote, ipitayo juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco kabla ya kuingia bahari ya Atlantiki. Kwenye ramani ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda, kwa kuwa dunia ni mviringo na ramani ni bapa.

Ndege kubwa ya abiria huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Kwa mwendo huo safari ingechukua saa 13 na dakika chache. Lakini kuna muda wa kupaa na kutua, na pengine ndege hulazimika kuzunguka anga iliyofungwa kwa sababu ya vita, kama ilivyotokea Sudan mwaka 2023.

Kisha kuna upepo. Katika anga za juu za kaskazini, hasa majira ya baridi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani hupambana nao, na irudiyo Afrika husukumwa nao. Ndiyo sababu kwenda huchukua karibu saa 15, na kurudi karibu saa 14.

Safari hiyo isiyotua njiani ilianzishwa na shirika la Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018. Anayekosa nafasi humo hubadili ndege London, Amsterdam au Dubai, na saa huongezeka.

Kosa kubwa zaidi hufanyika katika kusoma tiketi. Majira ya baridi, Nairobi huitangulia New York kwa saa nane. Majira ya joto, kwa saa saba. Tuseme ndege inaondoka New York Jumatatu ya Januari, saa sita mchana. Wakati huo Nairobi ni saa mbili usiku. Ongeza saa 14: msafiri atatua Jumanne, saa nne asubuhi.

Hapo bado hajapita uhamiaji, wala hajaanza safari ya Kisumu au Mombasa. Saa ya kuwatajia jamaa, basi, ni ile ya kufika mlangoni, si ya ndege kutua. Wanaoweza kungoja watajua wangoje hadi lini. Na kwa familia ya Kiislamu, inayohimizwa kuharakisha maziko, huenda jibu la kweli likawa: zikeni, nitawakuta kwenye hitima.